Miguu, Boti, Punda au Tuktuk: Usafiri wa Kila Siku Unaomfaa Mzee wa Lamu na wa Malindi

Katika nyumba nyingi za pwani, namna mzee atakavyofika sokoni, msikitini au hospitalini huamuliwa kwa mambo mawili: wepesi wa safari na nauli. Kijana hutoa simu, akasema, "Babu, ngoja nikuitie bodaboda," na kwa kuwa maneno hayo ni ya heshima, babu hupanda. Jambo la tatu, yaani kiasi cha kazi ambayo mwili wa mzee utaifanya njiani, halitajwi. Ulinganisho huu unaanza na jambo hilo la tatu, kwa sababu kwa mtu aliyepita miaka 60, ambaye hana desturi ya kukimbia ufuoni wala ya kwenda katika jumba la mazoezi, safari hizi fupi mara nyingi ndizo mazoezi pekee aliyo nayo, na anapopunguziwa safari hapewi kingine badala yake.

Tunapima nini

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate kila wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya mwili ya kiwango cha wastani, watie nguvu misuli siku 2 au zaidi, na kwa siku 3 au zaidi wafanye mambo yanayouzoeza mwili kujimudu usianguke. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2010, ulitaka dakika hizo zipatikane kwa vipande visivyopungua dakika 10 mfululizo. Sharti hilo limeondolewa, na kila dakika sasa inahesabiwa. Kwa mkaazi wa Lamu badiliko hilo si dogo, maana safari zake nyingi ni za dakika nne au tano, kutoka mlangoni hadi msikiti wa mtaa au duka la pembeni.

Kiwango cha wastani chenyewe hupimwa kwa uwezo wa mhusika. Tukichukua ngazi ya 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa kitako na 10 ni kujikaza hadi mwisho wa nguvu, kiwango hicho ni 5 au 6: moyo unakwenda kasi kuliko kawaida, mtu anaweza kuzungumza, lakini akijaribu kuimba pumzi inamkatika. Ndiyo maana mwendo ambao kijana huuona wa kujikokota unaweza kuwa kazi kamili kwa bibi wa miaka 78, na si haki kuudharau.

Wapo wanaopendelea kuhesabu hatua, na hao huanza na hatua 10,000 kwa siku, idadi iliyopata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu wanawake wa Marekani zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha picha ya upole zaidi: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Ni kweli kwamba mwenye afya hutembea zaidi kwa sababu ya afya yake, kwa hiyo asilimia hiyo isichukuliwe yote kuwa kazi ya miguu. Hata hivyo tofauti ya makundi hayo mawili, hatua 1,700, ni kama kilomita moja tu, na mkaazi wa mji wa kale wa Lamu huweza kuimaliza kwa kwenda sokoni karibu na Ngome na kurudi.

Lamu: miguu na bodaboda

Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa ajili ya watu na punda, na kwa mzee anayetaka kubaki na miguu yake hiyo ni bahati. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba kiasi kwamba kuta za pande mbili hutupa kivuli karibu mchana kutwa. Njia zinazotoka pwani kwenda juu zina mwinamo, kwa hiyo anayekaa mitaa ya juu hupanda kilima kidogo kila arudipo, na kupanda huko hufanyisha kazi misuli ya mapaja na ya nyonga kuliko mwendo wa tambarare. Na kuna mabaraza. Mzee anayechoka baada ya hatua mia moja hutembea kutoka baraza moja hadi jingine: huketi, husalimiwa, huulizwa hali ya watoto, akainuka akaendelea, wala haonekani mgonjwa kwa kukaa, maana kila mtu hukaa. Kila kuinuka kutoka katika kiti cha mawe kilicho chini ni zoezi la mapaja, na madaktari wanaopima udhaifu wa wazee huwafanyisha jambo hilohilo, la kuinuka kitini na kuketi tena bila kushika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mzee ambaye msikiti wake uko mwendo wa dakika nne, akihudhuria sala zote tano, hutembea dakika 40 kwa siku, ambazo ni dakika 280 kwa wiki. Hata tukikata nusu, kwa siku za mvua, kwa kuumwa, na kwa sehemu ya mwendo iliyo ya polepole mno, anabaki na dakika 140, karibu kabisa na kiwango cha chini kinachoshauriwa, kabla hajaenda sokoni.

Bodaboda, ambayo zamani haikujulikana kisiwani na sasa imezagaa katika barabara za nyuma ya mji na kwenye njia ya kijiji cha Shela, haina cha kuweka katika mizani hiyo. Abiria wa pikipiki hutumia nguvu inayozidi kidogo tu ile ya kukaa nyumbani. Anachokipata ni muda, nacho mara nyingi si kitu ambacho mzee amepungukiwa. Anachokiweka rehani ni nyonga na kichwa: kupandisha mguu juu ya kiti, au kukaa upande kwa aliyevaa buibui, bila kofia ngumu, nyuma ya kijana mwenye haraka. Kwa mwenye umri mkubwa, mfupa wa nyonga ukivunjika, kurudi alivyokuwa ni shida.

Hata hivyo nisingependa kuonekana kwamba nazisifu njia za Lamu kupita kiasi. Mifereji ya maji machafu iko kando ya miguu, mawe yamelika na kuteleza, punda hupita na mizigo mipana kuliko nafasi iliyopo, na usiku kuna vichochoro ambavyo taa yake ni ile ya dirisha la mtu. Mzee ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, au ambaye ameanguka mara moja tayari, anahitaji bakora yenye mpira chini, viatu vilivyofungwa kisigino badala ya ndara, na mtu wa kwenda naye Isha na Alfajiri. Hayo yakipatikana, bado miguu inashinda.

Kwenda Shela

Safari ya Shela, kilomita kama 3 kutoka mjini, ndiyo inayoonyesha tofauti vizuri zaidi. Kwa miguu kufuata pwani ni dakika 40 hadi 45 kwa mtu mzima mwenye afya, na mzee aongeze apendavyo. Akienda mara mbili kwa wiki na kurudi kwa boti, amepata dakika 80 au zaidi kwa safari hizo pekee. Tatizo ni jua, kwa sababu huko hakuna kuta za kumtilia kivuli, na tatizo la pili ni maji: siku za bamvua, maji yakijaa, hubana njia ya chini, na mchanga uliolowa unazama. Wakati wake ni asubuhi mapema, maji yakiwa yametoka, nao wavuvi huujua bila kutazama jedwali.

Boti huhesabiwa kuwa usafiri wa kukaa, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini tazama mzee anavyopanda boti gatini maji yakiwa yamekupwa. Ngazi za chini zimeota ukoga wa kijani. Anashuka upande upande, mkono mmoja ukutani, akijaribu kila kidato kwa ncha ya mguu kabla ya kuuweka wote. Boti inainuka na kushuka. Beharia ananyoosha mkono lakini havuti, anasubiri. Mzee anangoja wimbi lipandishe boti, anaweka mguu ukingoni, uzito wote unahamia juu ya mguu mmoja kwa kitambo, kisha yuko ndani. Sekunde chache hizo zina kusimama kwa mguu mmoja, kukunja goti chini ya uzito, na kurekebisha mwili juu ya kitu kinachoyumba, mambo ambayo mwongozo wa mazoezi ya wazee huyataka kwa siku 3 katika wiki. Ni zoezi la hali ya juu, na kwa sababu hiyohiyo ni hatari ya hali ya juu. Aliyezoea tangu utoto asikatazwe. Aliyeacha kwa miaka, au anayepata kizunguzungu kwa dawa za presha, angoje maji yajae ili boti ilingane na gati.

Kuhusu faida ya moyo, mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa wafanyakazi wa mabasi ya London: madereva waliokaa kutwa waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Basi lilikuwa moja na njia moja. Katika mashua ya tanga pia, anayepiga upondo na kuvuta kamba hayuko safari moja na aliyeegemea ubavuni, ijapokuwa watafika pamoja. Mzee wa bahari ambaye bado anaweza kushika kafi kwa muda mfupi apewe kafi.

Punda

Punda wamo Lamu kwa maelfu, na tangu mwaka 1987 kuna zahanati yao mjini. Kumpanda kunautaka mwili ujishike, kiuno na mgongo vikifanya kazi bila mtu kujua, lakini punda wa Lamu hupandwa bila tandiko la kukalia vizuri, na kumpanda na kumshuka ni kazi ya vijana. Simshauri mwenye miaka 70 aanze leo.

Faida ya punda iko kwingine. Mtie shogi, yaani mfuko wa mizigo wa mgongoni, weka mzigo, kisha tembea nyuma yake. Wengi wa wazee wanaoacha kutembea hawaachi kwa sababu ya njia. Wanaacha kwa sababu ya kilo 5 za mchele na nazi tatu ambazo mkono hauwezi tena kuzibeba hadi nyumbani. Familia huona mzigo ukimshinda, ikampandisha mzee pamoja na mzigo wake, ilhali kilichohitaji kupandishwa ni mzigo peke yake. Hili ndilo shauri kubwa nililo nalo katika makala hii, na linafaa Lamu kwa punda na hamali kama linavyofaa Malindi kwa mkokoteni na tuktuk: mlipie mchele nauli, mzee arudi mikono mitupu. Vitu viwili vitatu vyepesi abaki navyo kapuni, sawasawa kila upande, kwa kuwa kubeba kidogo nako kunatia nguvu mikono.

Malindi: tuktuk, baiskeli na matatu

Malindi ni mji wa namna nyingine. Ni tambarare, umetawanyika, na mtu wa Maweni, wa Barani au wa Muyeye ana mwendo mrefu zaidi wa kufika mjini kuliko ule wa Mkomani hadi sokoni. Barabara ni pana na hazina kivuli cha kuta. Kando yake hakuna baraza la kila hatua, na miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua la saa sita huichosha hata miguu ya vijana. Kumwambia mzee wa Malindi aishi kama wa Lamu ni kumwonea.

Tuktuk kwa hiyo ina hoja zake hapa. Ina sakafu ya chini, ina paa, humchukua mzee na mjukuu pamoja, na kwa usalama ni afadhali kuliko pikipiki. Kasoro yake ni kwamba huja mlangoni na kukushusha mlangoni, ikafuta hata zile hatua mia mbili za kufika barabarani. Nauli nayo si ya kupuuzwa kwa anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, zinazotolewa kwa wenye miaka 70 na zaidi. Njia ya kati ni kuigawa safari: tuktuk ichukuliwe barabara kuu badala ya mlangoni, mzee ashuke kabla ya kufika, au aende kwa miguu asubuhi jua likiwa halijakaza na arudi kwa tuktuk na vitu vyake. Nusu ya safari kwa miguu, dakika 15, siku tano kwa wiki, ni dakika 75, nusu ya kiwango cha chini.

Matatu huifanya kazi hiyo bila kuombwa, kwa kuwa hailetwi mlangoni. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba nusu ya watumiaji wa usafiri wa umma hutembea dakika 19 au zaidi kwa siku kwenda kituoni na kutoka kituoni. Na huko Uingereza, wazee waliopewa kadi ya kupanda basi bure walionekana kutembea zaidi kuliko wasiokuwa nayo, jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Mzee wa Malindi aendaye Gede kuwaona jamaa kwa matatu anapata sehemu ya faida hiyo katika kwenda na kurudi stejini. Kidato cha kupandia ni kirefu, na utingo hana subira. Aombe kiti cha mbele na asikubali kuharakishwa.

Baiskeli, kwa mtu aliyeizoea, ndiyo inayotoa kazi nyingi zaidi kwa dakika kuliko zote nilizozitaja, na magoti yenye maumivu huipenda kuliko kutembea kwa sababu uzito wa mwili umebebwa na kiti. Malindi, pamoja na utambarare wake, ni mahali pake. Lamu mjini si mahali pake. Lakini haijengi mifupa kama kutembea, na katikati ya tuktuk zinazokata kona bila ishara, mzee anayeanza upya baada ya miaka ishirini aifanyie mazoezi kwanza katika njia za ndani za mtaani, akiwa na kiti kilichoshushwa hadi nyayo zote mbili ziguse chini.

Mwendo usioonekana wa wanawake

Hesabu ya msikiti niliyoitoa juu ni ya wanaume. Bibi wa mji wa kale ambaye sokoni hutumwa mjukuu anaweza kuonekana hana safari kabisa, na anayelinganisha vyombo vya usafiri peke yake atamwacha nje. Nyumba za mawe za Lamu ni za ghorofa, ngazi zake ni wima na vidato vyake virefu, na jiko au dari mara nyingi liko juu. Zamani, katika baadhi ya nyumba, wanawake walivuka hadi kwa jirani kwa wikio, yaani kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili, bila kushuka njiani. Kupanda ngazi polepole ni kazi ya kiwango cha wastani au zaidi, nayo hugusa misuli ambayo mwendo wa tambarare hauifikii. Kumhamishia bibi chumba cha chini "apumzike" ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Iwapo bado anapanda bila maumivu ya kifua wala kizunguzungu, kuweka kamba au mti wa kushikia ukutani ni hatua ya busara kuliko kumshusha.

Safari zake nyingine ni za arusi, za matanga na za kumtazama mzazi, nazo huja kwa mafungu: wiki moja kila jioni, kisha wiki mbili hakuna. Mwili hautunzi akiba ya wiki iliyopita kwa muda mrefu. Kumtembelea jirani mmoja kila baada ya Alasiri, hata pasipo jambo, kunamfaa kuliko kungojea shughuli.

Kuchagua

Kwa mzee mwenye afya anayekaa mji wa kale wa Lamu sioni hoja ya kumpandisha chochote ndani ya mji; boti ibaki ya kurudi kutoka Shela na ya kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Anayekaa Malindi umbali wa kutembea wa dakika 20 au chini kutoka sokoni aende kwa miguu asubuhi na kurudi kwa tuktuk. Anayekaa mbali zaidi achukue matatu. Mwenye magoti mabovu Malindi afikirie baiskeli ikiwa aliijua ujanani, na wa Lamu atembee safari fupi nyingi badala ya ndefu moja, akitumia mabaraza. Aliyeanguka ndani ya mwaka uliopita aonane kwanza na daktari, kisha atembee na mtu. Maumivu ya kifua, pumzi inayokatika ghafla au mguu mmoja uliovimba ni sababu ya kupanda chombo mara moja, chochote kilicho karibu.

Na safari ya kliniki ya presha ina utaratibu wake. Kipimo huchukuliwa baada ya mtu kukaa kimya angalau dakika 5, na mzee aliyefika akihema hupimwa akiwa bado anahema kama foleni ni fupi na muuguzi ana haraka. Siku hiyo apande kwenda, na miguu iwe ya kurudi.